Hekseskudd: mgongo wa Mnorwe na mshale wa mchawi

(Hotuba kwa wasemaji wa Kiswahili waishio Oslo na vitongoji vyake, imeandikwa upya kwa ajili ya wasomaji.)

Wazee wetu, kina mama, kaka na dada, na nyinyi vijana mliokubali kuiacha Jumamosi yenu ipotelee kwenye habari za maneno: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na ambaye hayumo humo, hujambo.

Waandaaji waliniomba nichague neno moja la Kinorwe linalosikika kwa daktari nilizungumzie. Nadhani walitegemea nitachukua "forkjølelse", mafua, kwa sababu hakuna aliyemaliza majira ya baridi ya nchi hii bila kulijua. Lakini forkjølelse halina kisa. Kjøle ni kupoza, umepozwa ukaugua, basi. Mimi nimechukua "hekseskudd".

Wengi wenu mmeshalisikia. Mtu anainama kuvaa soksi, au anamwinua mzee kitandani kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, au anaondoa theluji mlangoni, na mgongo unakamata pale pale chini, kiunoni. Haendi mbele, harudi nyuma. Daktari kwenye karatasi zake ataandika lumbago, au "akutt korsryggsmerte", maumivu ya ghafla ya mgongo wa chini. Lakini kwenye simu na bosi Mnorwe anasema: "Jeg har fått hekseskudd." Bosi anaelewa, anasema pona haraka, siku 3 za kujiandikia ugonjwa mwenyewe zinaanza kuhesabiwa, na hakuna aliyeshtuka.

Sasa livunjeni hilo neno. Heks ni mchawi. Skudd ni risasi, na kabla ya bunduki kuwepo ilikuwa mshale. Kwa hiyo mwenzako wa kazini, mwenye shahada mbili, anayekwenda kanisani Krismasi tu, amempigia bosi wake simu kumwarifu kwamba amelengwa na mchawi akapatwa mgongoni.

Mimi ni mkalimani. Kazi yangu ni kukaa katikati ya daktari na mgonjwa, kila neno linalosemwa upande huu lifike upande wa pili bila kupungua wala kuongezeka. Zamani kazi hii walikuwa wakifanyishwa watoto wetu. Tangu sheria ya ukalimani ilipoanza kutumika Januari 2022, ofisi za umma haziruhusiwi tena kumtumia mtoto, isipokuwa kwa dharura. Niliyoyasikia humo vyumbani sitayasimulia, kiapo kinanifunga, na wengine mmo humu ukumbini. Itoshe kusema kwamba hekseskudd nimekutana nalo mara nyingi, na kila linapokuja nina nafasi ya pumzi moja tu kuamua nimfanye nini huyo mchawi.

Nianze na skudd, maana ndiyo nusu nyepesi. Kinorwe cha kale kilikuwa na skot, kutoka kitenzi skjóta ambacho leo ni skyte, kupiga kwa silaha. Ndugu zake ni schießen ya Kijerumani na shoot ya Kiingereza. Mtauliza mbona imekuwa skudd. Ni kwa sababu Norwe ilikaa chini ya mfalme wa Denmark mpaka 1814, na muda wote huo watu waliandika Kidenmaki, lugha inayopenda kulainisha t ya mwishoni. Ukifungua kamusi ya nynorsk, ule mwandiko ambao Ivar Aasen aliujenga karne ya 19 kwa kuzunguka vijijini akikusanya lahaja, utakuta t imerudi mahali pake: hekseskot. Wazazi ambao watoto wenu wanalalamika kuhusu nynorsk shuleni, waambieni kwamba hapa nynorsk ndiyo iliyo karibu zaidi na mababu. Skudd hiyo hiyo, kwa njia, ni chipukizi la mti, kitu kinachofyatuka kutoka kwenye tawi.

Heks ni mgeni. Wanorwe wa kale walikuwa na majina yao wenyewe, trollkvinne na trollkjerring, na uchawi wenyewe waliuita trolldom. Hata kwenye kumbukumbu za mahakama za karne ya 17 neno linalojirudia ni trolldom. Heks limetoka Ujerumani, Hexe, na kwa Wajerumani nalo ni ufupisho wa neno kongwe: hagazussa, au hagzissa. Waingereza wa kale walikuwa na ndugu yake, hægtesse.

Sehemu ya mbele ya neno hilo, kwa maoni ya wanaisimu wengi, ni hag, yaani uzio, boma, ua. Na hapa ndipo ninapowaomba wazazi wenye watoto wadogo wasinitupie viatu. Hag hiyo ndiyo ndugu wa hage ya Kinorwe, bustani, eneo lililozungushiwa ua. Na hage ndiyo iliyomo kwenye barnehage, shule ya chekechea. Kila asubuhi saa moja na nusu unapomvua mtoto mabuti pale mlangoni, umesimama kwenye shina moja na mchawi. Nusu ya pili ya hagazussa imewatoa wataalamu jasho mpaka leo. Baadhi yao wanailinganisha na tysja, neno la lahaja za humu humu Norwe, linalomtaja kiumbe wa kike asiyeonekana, wa jamii ambayo sisi tungeiweka pamoja na majini. Wakiwa sahihi, basi huyu mchawi hakuwa mtu kabisa. Alikuwa kiumbe wa kwenye uzio, mguu mmoja kijijini na mwingine msituni. Ubinadamu alipewa baadaye, na majirani.

Neno zima, hekseskudd, ni Hexenschuss ya Kijerumani iliyochukuliwa kipande kwa kipande. Wadenmaki wanayo vile vile, hekseskud. Wafini wanasema noidannuoli, mshale wa mchawi. Waitaliano wanasema colpo della strega, pigo la mchawi. Waswidi, majirani wa mlango wa pili, wamemfukuza mchawi wakabaki na ryggskott, risasi ya mgongo. Na ndugu zangu wa Bukavu na Uvira mnaonitazama kwa huruma, najua, Kifaransa kimewapa "tour de reins", kiuno kilichozungushwa, na humo hamna mchawi wala mshale.

Kuna picha ambayo ningependa muitazame mkifika nyumbani. Mwaka 1489 mwanasheria wa mji wa Konstanz, Ulrich Molitor, alitoa kitabu cha Kilatini kuhusu wachawi. Mwenyewe aliona mengi wanayosingiziwa ni viinimacho vya shetani. Lakini kitabu kiliwekewa michoro ya kuchongwa kwenye mbao, na watu wasiojua Kilatini walitazama michoro. Mmoja unamwonyesha mwanamke amevuta upinde kama mwindaji, mavazi ya heshima kabisa, hana pua ndefu wala ufagio. Mbele yake kuna mwanamume amekunja mguu, anauvua kiatu, maana mshale umempata mguuni. Ninachokipenda kwenye mchoro huo ni utulivu wake. Hakuna damu. Mtu anavua kiatu chake aangalie kuna nini, kama anayetoa kokoto. Ndivyo maumivu haya yanavyokuja: umepigwa kweli kweli, na ukitazama hakuna jeraha.

Na hapo ndipo fikra yenyewe ilipozaliwa, kwa maoni yangu. Homa huja taratibu, kidonda unakiona. Maumivu ya kiuno yanakuja kwa sekunde moja, kutoka nyuma, mahali usipopaona, yakiwa na ncha. Binadamu aliyeishi kwa upinde na mkuki alijua kitu kimoja tu kinachofanya hivyo.

Ushahidi mkongwe ninaoufahamu uko Uingereza, si Ujerumani. Kwenye maktaba ya taifa pale London kuna muswada wa tiba ulioandikwa karibu mwaka 1000, hati namba Harley 585. Ndani yake mna dawa ya "færstice", kichomi cha ghafla. Dawa yenyewe ni majani: kiwavi mwekundu (ule mmea unaowasha, si mdudu) aliyeota kupenya ndani ya jengo, huyo mnayemwita brennesle, na groblad, lile jani pana linalokanyagwa kando ya kila njia ya nchi hii, na jani la tatu la kutuliza homa, vyote vichemshwe kwenye siagi. Kisha mganga anaimba. Anasimulia wanawake wenye nguvu waliopita juu ya kilima kwa kishindo wakirusha mikuki inayopiga mayowe, na yeye akasimama chini ya ngao. Halafu anauamuru ule mkuki: toka, mkuki mdogo, kama umo humu ndani!

Kisha inakuja sehemu ambayo mimi, kwa kazi yangu, nimeisoma nikarudia. Mganga anasema: ikiwa ni mshale wa miungu, au ni mshale wa ylfe (hao ndio alver wa Wanorwe, viumbe wasioonekana), au ni mshale wa hægtesse, sasa nitakusaidia. Mnaona anachofanya? Ametaja wapigaji watatu na hakuchagua hata mmoja. Hakumuuliza mgonjwa umegombana na nani. Hakutazama kwenye maji wala kwenye kioo. Awe huyu, awe yule, awe yule mwingine, dawa ni ile ile, mkuki utoke. Mwishoni anachovya kisu kwenye dawa na kazi imekwisha. Miaka 1000 iliyopita, na yule mganga alikuwa na adabu ya kikazi ambayo waganga wetu wengi wa leo, wenye namba za simu kwenye nguzo za umeme, hawana.

Huku kaskazini nako mishale ilikuwa mingi. Kwenye saga, yaani masimulizi marefu ya kale, ya mashujaa wa Jomsborg, iliyoandikwa Isilandi karibu mwaka 1200, mtawala Håkon wa Lade anapigana vita vya majini pale Hjørungavåg, Sunnmøre, na vita vinamwelemea. Anamwomba mungu wake wa kike, Torgjerd. Mvua ya mawe inaanguka, na wenye macho ya kuona wanamwona mwanamke amesimama kwenye meli, mshale unatoka kwenye kila kidole chake, na kila mshale unaua mtu. Ukisoma hayo halafu ukasikia mtu analalamika kiuno, unajua analinganisha na nini.

Vijijini watu walizungumza juu ya alvskot, mshale wa alver, na trollskot. Ng'ombe akianguka malishoni bila sababu, jina la sababu lilikuwepo tayari. Moja kati ya majina hayo bado lipo kazini. Huko magharibi, kwenye malisho ya mvua nyingi, wana-kondoo wanashikwa na ugonjwa unaoitwa alveld, moto wa alver. Masikio yanavimba, ngozi ya uso inababuka, wanakimbilia kivulini. Sababu imejulikana: ni jani linaloitwa rome, lenye maua ya njano mazuri, linaloharibu ini, na mnyama anakuwa hawezi kustahimili mwanga wa jua. Daktari wa mifugo anajua yote hayo, na bado kwenye ripoti yake anaandika alveld.

Na kulikuwa na finnskot. Hili nalitaja ili mlijue, mkilikuta kwenye kitabu cha zamani msilirudie kwa kucheka. "Finn" lilikuwa jina ambalo Wanorwe waliwaita Wasami, wenyeji wa kaskazini, ndiyo maana mkoa unaitwa Finnmark. Finnskot maana yake mshale wa Msami. Kila nchi ina Sumbawanga yake: watu wa mbali kidogo, wenye lugha nyingine, ambao majirani wameamua kwamba usiku hawalali. Watu wa Sumbawanga wenyewe wanalima mahindi na wanashangaa kama wewe. Wasami walilipia sifa hiyo kwa damu. Mwaka 1692 mzee mmoja Msami, Anders Poulsen, alifikishwa mahakamani Vadsø kwa sababu ya ngoma yake ya ibada. Aliuawa akiwa kizuizini, kabla ya hukumu. Ngoma ilikaa Denmark kwa karne nyingi, na mwaka 2022 ilirudishwa kwa Wasami, iko Karasjok.

Nimeingia mahakamani sasa, na siwezi kutoka haraka, kwa sababu humo ndimo neno letu lilipopata uzito wake. Mwaka 1617 mfalme Christian wa Nne alitoa amri dhidi ya wachawi kwa falme zote mbili, Denmark na Norwe. Aliyefunga mkataba na shetani achomwe moto. Kabla ya hapo watu walishachomwa. Anne Pedersdotter, mjane wa mchungaji, alichomwa Bergen mwaka 1590. Lakini kaskazini kabisa, Finnmark, penye watu wachache na bahari kali, ndiko moto ulikowaka kupita kiasi. Katika karne hiyo moja waliuawa watu 91, wanawake 77 na wanaume 14. Walituhumiwa kuinua dhoruba, kuzamisha mashua, kuwatia watu magonjwa.

Mkipata nauli nendeni Vardø, huko huko Finnmark. Mwaka 2011 malkia Sonja alifungua pale ufukweni ukumbusho unaoitwa Steilneset. Ni ushoroba mrefu mwembamba wa kitambaa, ndani giza, na vidirisha 91, kila kimoja na taa yake na maandishi yake: jina, tuhuma, hukumu. Majina mengi ni ya wake za wavuvi.

Mganga wa Uingereza hakuuliza swali lile. Mahakama za Finnmark ziliuliza hilo tu. Nani? Na aliyekubali chini ya mateso aliulizwa tena: na nani mwingine?

Sasa rudini kwenye simu ya asubuhi. "Jeg har fått hekseskudd." Sikilizeni kitenzi. Å få ni kupata. Nimepata mafua, nimepata barua, nimepata hekseskudd. Mnorwe hasemi nimepigwa. Hakuna aliyepiga kwenye sentensi, wala hakuna nafasi aliyoachiwa akae. Mchawi amegandishwa ndani ya jina la ugonjwa, na sarufi imemfungia mlango. Nimeuliza Wanorwe wengi kama huwa wanamfikiria wanapolisema, na karibu wote wananitazama kwanza, halafu wanacheka: "Kweli! Heks!" Ni kana kwamba mimi ndiye niliyemweka.

Mimi mwenyewe yalinipata, siku ya theluji nzito, ile yenye maji ndani, inayoshika kwenye sepetu na haitaki kuachia. Niliinua, nikageuka nayo, na hapo hapo nikabaki nimeinama kama ninayetafuta sarafu. Jirani yangu, bibi wa miaka themanini na kitu, alifungua dirisha la juu. Hakuuliza una nini. Alisema neno moja, "Hekseskudd!", kwa sauti ya mtu anayetambua ndege kwa mlio wake. Kisha akaniambia nisiende kulala. Nitembee, hata kama ni hatua tatu tatu, ninywe Paracet, na sepetu nimwachie mjukuu wake.

Alikuwa sahihi kuliko vitabu vya ujana wake. Enzi hizo madaktari walikuwa wakimlaza mtu chali kwa siku nyingi. Mwaka 1995 ulitoka utafiti wa Helsinki, mji wa hao hao wenye noidannuoli, uliowahusisha wafanyakazi wa manispaa wenye maumivu mapya ya mgongo. Walioambiwa waendelee na shughuli zao kadiri maumivu yalivyowaruhusu walipona haraka kuliko waliolazwa siku mbili. Mwaka huo huo daktari wa Norwe, Aage Indahl, alichapisha matokeo yake kuhusu watu waliokuwa nje ya kazi kwa muda mrefu kwa sababu ya mgongo. Dawa yake kubwa ilikuwa maelezo: mgongo wako ni imara, maumivu hayana maana kwamba umevunjika, tembea bila kujilinda. Waliopewa maelezo hayo walirudi kazini kwa wingi kuliko wenzao.

Angalieni hilo. Mgonjwa akiamini kuna kitu kimemwingia, atatembea kwa kuogopa, misuli itakaza zaidi, na maumivu yataendelea. Habari anayopewa ni sehemu ya matibabu. Na anayeibeba hiyo habari, kwa mgonjwa asiyejua Kinorwe, ni mimi.

Kwa hiyo tuje kwetu. Kiswahili kina kitenzi cha kutendwa ambacho hakitulii peke yake. Ukisema "nimepigwa", atakayekusikia hatauliza wapi wala lini. Atauliza na nani. Ukisema "ametupiwa", "amerushiwa", "amepigwa kipapai", mtupaji yumo tayari kwenye sentensi, anasubiri jina tu. Sasa fikirieni mama aliyetoka kambini, amefika nchi hii mwezi uliopita, mgongo umemkamata, daktari kijana mchangamfu anasema kwa tabasamu: "Aa, ni hekseskudd tu!" Nikimwambia mama huyo "daktari anasema umepigwa mshale na mchawi", nimetafsiri kila kipande kwa usahihi, na nimemdanganya kabisa. Atatoka pale anatafuta jina. Shangazi mtu? Mke mwenza? Jirani wa ghorofa ya pili asiyesalimia? Na sisi tunajua swali hilo linaishia wapi. Usukumani vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyowekwa wekundu na moshi wa jikoni wa miaka hamsini.

Kuna anayeweza kusema basi Wanorwe walisafishe neno lao, waige Waswidi. Mimi sikubali, na ushahidi wangu uko kwenye kadi ya kliniki. Kila mama aliyebeba mimba Tanzania amechomwa sindano ya pepopunda. Pepo, na punda. Waliolitunga walimwona mgonjwa mwili umekakamaa, taya limefunga, mgongo umepinda kama upinde, wakasema huyu ameingiliwa na pepo. Leo serikali inaliandika kwenye kadi, nesi analisoma kwa sauti, na hakuna mama anayeuliza pepo huyo katumwa na nani. Anauliza sindano inauma? Tunasema "amepata pepopunda", kama Mnorwe anavyopata hekseskudd yake. Pepo wetu na mchawi wao wamestaafu kwa namna moja. Mkalimani Mnorwe akimtafsiria daktari wake "roho ya punda", tutamfukuza kazi kesho yake.

Kwa hiyo chumbani ninasema hivi: "Daktari anasema ni mgongo kukamata ghafla, maumivu ya kiuno ya kawaida." Kwa wenzetu wa Kongo mara nyingi lumbago inatosha. Nikiona mgonjwa mwenyewe anajua Kinorwe kidogo na amelidaka lile "heks", namwomba daktari ruhusa, naeleza waziwazi kwa pande zote mbili kwamba ni jina la zamani. Madaktari wengi wanafurahi, na mmoja aliniomba nimwandikie pepopunda kwenye karatasi.

Jambo moja la afya kabla sijashuka, maana nisiposema mtanilaumu. Maumivu haya mara nyingi huisha yenyewe ndani ya wiki chache. Lakini yakija pamoja na kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au mkojo kugoma kutoka, au ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, au mguu kuishiwa nguvu, hapo usisubiri na usimpigie mkalimani. Piga 116117, zamu ya daktari, au 113 kama hali ni mbaya, na sema Kinorwe chochote ulicho nacho.

Chai iko tayari, naona kina mama wameanza kunionyesha saa. Pale mlangoni nimeacha daftari. Nakusanya majina ya maumivu haya kwa kila lahaja iliyomo humu: Pemba mnasemaje, Mombasa mnasemaje, Lubumbashi, Bujumbura, Muscat. Andikeni neno, mahali mlipolisikia, na nani alikuwa akilisema, bibi au daktari. Na kama ndani yake mna jini, msimfute.